Kabla ya lori la kwanza: mwongozo wa kulisimamia bonde la mji mdogo

Bonde la mji mdogo mara nyingi haliuawi na mradi mkubwa. Linauawa na lori moja la kifusi Jumamosi jioni, ofisi zikiwa zimefungwa. Wiki inayofuata linakuja la pili, mwezi unaofuata unachimbwa msingi, na kabla mwaka haujaisha kuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti. Afisa mazingira akifika kutoka makao makuu ya wilaya anakuta familia imeshahamia na mtoto ana daftari la shule mkononi. Hapo mjadala si wa maji tena, ni wa fidia.

Mwongozo huu ni kwa wakazi na wajumbe wa kamati za mazingira katika miji ya aina ya Ilula au Rujewa: mahali penye stendi, soko, barabara kuu inayopita katikati, na bonde lenye matete ambalo kila mtu analitumia na hakuna anayeona ni lake. Mifano ni ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Sheria ni za nchi nzima.

Hatua ya 1: Tafuta bonde linaishia wapi

Kazi hii fanya mwishoni mwa masika, Aprili au Mei. Ukienda Oktoba utaona ardhi kavu iliyopasuka, na mwenye nia ya kujenga atakuonyesha vumbi na kukuuliza unyevu uko wapi.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni mimea: matete, mafunjo na nyasi ndefu za majimaji zina mahali zinapokoma, na mahali hapo huwa panaonekana hata kwa mtu asiye mtaalamu. La pili ni udongo. Chimba shimo la kina cha nusu mita kwa jembe. Ukikuta udongo mweusi wa mboji, au wa kijivu wenye michirizi ya rangi ya kutu, hapo maji hukaa sehemu kubwa ya mwaka, hata kama juu pamekauka siku unayochimba. Harufu ya yai bovu ni ushahidi mwingine. La tatu ni wazee. Waulize maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa, nao watakupeleka hadi kwenye mti au jiwe. Ukienda kwa mzee, nenda na kijana wa kuandika, umwamkie vizuri, na usimkatize anapoanza na habari za ujamaa. Mpaka unaoutafuta mara nyingi umo humo ndani.

Ukishaunganisha mambo hayo matatu, tembea ukingo wote na simu yenye GPS, uchukue alama kila baada ya hatua hamsini au mia. Programu za bure za ramani zinatosha. Picha za setilaiti za miaka iliyopita nazo zina kazi: zinaonyesha kijani cha kiangazi kilivyokuwa kinafika hadi wapi kabla watu hawajaanza kusogea. Chapisha mbili au tatu ukaziweke kwenye faili. Afisa anayetaka kubisha hubisha kwa unyonge mbele ya picha.

Hatua ya 2: Jua nani anakaa kikao gani

Watu wengi hukimbilia kwa Mkuu wa Wilaya kwa sababu ndiye wanayemsikia redioni. Anaweza kusaidia, lakini amri yake ya mdomo huisha anapohamishwa. Fuata ngazi.

Ngazi ya chini ni kitongoji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kitongoji, kwa hiyo huhitaji kusajili chama wala kutafuta mfadhili ili uanze. Unahitaji mkutano halali wa kitongoji, ajenda iliyotangazwa, na muhtasari uliosainiwa. Katika mji mdogo wenyeviti wa vitongoji wana uzito kuliko wanavyojijua, kwa sababu wao ndio wajumbe wa baraza la mamlaka ya mji mdogo. Mwenyekiti wa kitongoji chako akielewa, tayari una mtu ndani ya kikao.

Juu yake kuna Mtendaji wa Mamlaka ya Mji Mdogo, Mtendaji wa Kata, na diwani. Diwani ndiye anayelipeleka jambo halmashauri ya wilaya, na huko kikao unachokitaka kinaitwa Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Uliza tarehe yake. Jambo likikosa kikao kimoja linasubiri kijacho, na katika muda huo nyumba inaweza kufika linta.

Pembeni ya ngazi hiyo kuna taasisi. Bodi ya Maji ya Bonde ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Kwa sehemu kubwa ya Iringa, Njombe na Mbarali ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, makao yake yakiwa mjini Iringa. RUWASA inashughulika na maji ya kunywa, TARURA na barabara na makalavati, na NEMC, yenye ofisi ya kanda Mbeya, inasimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Usiwachanganye. Nimeona barua nzuri ikilala masijala ya RUWASA kwa sababu ilipaswa kwenda Bodi ya Maji, na hakuna aliyejihangaisha kuihamisha.

Hatua ya 3: Beba sheria chache, lakini zibebe sawasawa

Kila mtu anajua "mita sitini". Wachache wanajua zinahesabiwa kutoka wapi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, bwawa au hifadhi ya maji. Bonde lako likiwa na mto wenye kingo, kazi ni rahisi: kamba iliyopimwa na mashahidi wawili. Likiwa bonde pana la matete lisilo na mto unaoonekana, mtu atakuambia hapa hakuna ukingo, kwa hiyo hakuna mita sitini. Na kwa maneno ya kifungu kile peke yake, ana hoja.

Ndiyo maana beba na sheria za ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinataja ardhi oevu yenyewe miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi (ambazo kuziendeleza kunahatarisha maisha au mazingira), sambamba na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapo huhitaji kubishania ukingo. Unahitaji kuonyesha kwamba pale ni ardhi oevu, na shimo lako la nusu mita linaanza kulipa. Neno "kutangazwa" nalo lizingatie: sheria inafungua mlango, ila lazima mtu aombe. Vilevile Waziri mwenye dhamana ya mazingira anaweza kulitangaza bonde kuwa ardhi oevu lindwa. Ni njia ndefu, nisingeanza nayo.

Ya mwisho ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Mama anayechota ndoo hahitaji kibali. Anayefunga mto, kuuchepusha au kuvuta maji kwa pampu ya petroli kumwagilia ekari za nyanya anahitaji. Kuuliza "una kibali cha Bodi?" ni swali la adabu na la halali, na linaulizika hata kwa mheshimiwa.

Hatua ya 4: Kaa na wenye vinyungu kabla ya kukaa na mtu mwingine yeyote

Hapa ndipo kamati nyingi huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vinyungu vilikuwepo kabla ya mji. Watu hulima matuta bondeni wakati wa kiangazi, wakipitisha maji kati ya tuta na tuta, wakipata mahindi mabichi, maharage, njegere na mboga miezi ambayo shamba la juu ni vumbi tupu. Ada ya shule ya Januari hutoka humo. Kamati ikianza kazi kwa tangazo la "ni marufuku kulima bondeni," imejitengenezea maadui mia moja kwa siku moja, na wengi wao ni akina mama wanaoamka alfajiri na kuona kila lori linalopita. Hao ndio walinzi uliokuwa unawahitaji.

Tena amri za kuondoa watu hazina historia ya kujivunia. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu kwa kishindo, na mto Ruaha Mkuu, ambao ulianza kukauka wakati wa kiangazi katika miaka ya 1990, haukupona kwa sababu hiyo. Maji yalikuwa yanachukuliwa na wengi, juu na chini, na walioondolewa walikuwa ndio rahisi kuwaondoa.

Kwa hiyo waite wenye vinyungu wakae kivyao kwanza, bila afisa. Waulize maswali ya kwao: kisima kinakauka mwezi gani siku hizi? Miaka kumi nyuma kilikauka lini? Nani alichimba mfereji ule mkubwa wa kutoa maji yote? Wataalamu hupenda kufungua mkutano kwa mabwawa ya Mtera na Kidatu na umeme wa taifa. Yote ni kweli, maji haya yanakwenda huko, ila hakuna aliyewahi kuacha kuchimba mfereji kwa ajili ya taa za mtu mwingine. Kisima chake ndicho kitakachomfanya aache.

Makubaliano yanayoweza kushika huwa ya aina hii: hakuna tuta jipya ndani ya mita kadhaa kutoka kwenye chemchemi, pande zote. Hakuna mfereji unaozidi kina cha goti, kwa sababu mfereji wa kina kirefu hunyonya bonde zima na si tuta lako tu. Hakuna kuchanganya dawa wala kuosha bomba la kupulizia kwenye maji. Kuna pipa juu ya ukingo na shimo la chupa. Hakuna kuchoma matete. Anayekata matete kwa mikeka au uzio akate kwa zamu, aache vishina. Na hakuna kuuza kinyungu kwa mtu wa kujenga. Hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa, kwa sababu kifusi karibu siku zote huingia kupitia kinyungu kilichouzwa.

Makubaliano haya yapelekwe mkutano wa kitongoji, yapigiwe kura, yaandikwe. Hadi hapo ni maazimio tu na hayana faini. Ili yawe na faini yanapaswa kuwa sheria ndogo, na njia yake hupita kwenye mamlaka ya mji mdogo na halmashauri ya wilaya. Mwombe mwanasheria wa halmashauri akusaidie maneno. Ndiyo kazi yake, analipwa kwayo. Usianze kutoza faini kabla ya sheria ndogo kupita. Kamati inayotoza bila sheria, ikakusanya bila stakabadhi, huishia polisi, na aliyejaza kifusi anakaa kama shahidi.

Hatua ya 5: Liingize bonde kwenye ramani ya mji

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na hufanyika ofisini kwa muda mfupi sana. Miji midogo mingi inapita kwenye upimaji na urasimishaji wa makazi. Kampuni ya upimaji inakuja, inachora, inaweka bikoni (alama za mipaka), wananchi wanachangia fedha kwa kila kiwanja. Unaona tatizo lilipo: kila kiwanja ni mchango, na bonde lisilo na kiwanja halilipi. Mchoro ukipitishwa huku bonde limekatwa viwanja, hati zitatoka, na mwenye hati utamtoa kwa gharama.

Nenda kwa Afisa Mipango Miji wa wilaya mapema na alama zako za GPS. Omba bonde lionyeshwe kwenye mchoro wa mipango miji kama eneo la hifadhi, lenye ukingo wake, na uombe mchoro ubandikwe ofisi ya kata kabla ya kupitishwa. Ukiambiwa mchoro ni siri, andika ombi kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inaipa ofisi yenye taarifa siku 30 za kukujibu. Mara nyingi ile kutajwa tu kwa sheria kwenye barua hufupisha siku hizo.

Bikoni za bonde zikiwekwa, zipigwe picha kila moja pamoja na kitu kisichohama nyuma yake: mwamba, nguzo ya umeme, kona ya shule. Bikoni hutembea usiku.

Hatua ya 6: Doria na daftari

Daftari moja, si kumi. Kila ukurasa una tarehe, majina ya waliopita, walichokiona, na picha zimehifadhiwa wapi. Ukipita na usione kitu, andika "hakuna kipya". Ukurasa wa hakuna kipya ndio unaothibitisha kwamba kifusi kilichoonekana tarehe 14 hakikuwepo tarehe 7.

Kalenda inafuata majira. Mei na Juni, mvua ikikatika, barabara za pembeni hukauka na malori huanza kupita. Ongeza doria, hasa jioni za mwisho wa wiki. Juni na Julai watu huandaa vinyungu, angalia mifereji. Agosti hadi Oktoba ni moto, tofali na pampu. Wafyatua tofali hupenda udongo wa ukingo wa bonde, na wanapoondoka huacha mashimo ambayo mtu atadai yanahitaji kujazwa. Kwa kifusi, bila shaka. Septemba hadi Novemba pima maji: fito moja yenye alama za sentimita, kwenye kisima au chemchemi ileile, siku ileile ya wiki. Mvua zikianza, angalia makalavati. Kalavati iliyoziba au iliyowekwa chini mno hukausha upande mmoja wa bonde na kuzamisha mwingine. Hilo ni la TARURA, na ni moja ya mambo yanayotengenezeka kirahisi ukiwahi.

Doria ifanywe na watu wawili au zaidi, wasibishane na dereva. Namba ya gari, saa, picha, basi.

Hatua ya 7: Siku kifusi kinapoingia

Siku hiyohiyo mpigie mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji. Kesho yake asubuhi peleka barua, kwa sababu simu haina muhuri. Barua iwe fupi, kwa lugha ambayo ofisi zimeizoea:

*Afisa Mtendaji,*
*Mamlaka ya Mji Mdogo …*

*YAH: UMWAGAJI WA KIFUSI NDANI YA BONDE, KITONGOJI CHA …*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Tarehe … saa … malori mawili yalimwaga kifusi ndani ya bonde, hatua … kutoka kalavati ya barabara ya … Eneo hilo limo ndani ya mpaka uliopitishwa na mkutano wa kitongoji wa tarehe … (muhtasari na picha vimeambatishwa).*

*Tunaomba: shughuli izuiwe kwa maandishi, Afisa Mazingira afike eneo la tukio, na tujulishwe kwa maandishi hatua iliyochukuliwa.*

*Nakala: Mtendaji wa Kata, Diwani, Afisa Mazingira wa Wilaya, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji.*

Peleka nakala mbili masijala, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" urudi nayo. Usikubali kuambiwa "iache tu, tutaifanyia kazi." Usitaje jina la mtu unayemshuku kama hujamwona, taja eneo na namba ya gari, jina litajitokeza. Na usiandike matusi wala siasa, hata kama mwenye kiwanja ni mtu wa siasa.

Wiki mbili zikipita kimya, barua ya pili inataja tarehe ya ya kwanza, na nakala yake inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri na NEMC kanda. Kama linalojengwa ni kituo cha mafuta, kiwanda au kitu kingine kikubwa, uliza cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuuliza chochote kingine. Mahakama ipo pia: kifungu cha 5 cha sheria ya 2004 kinamruhusu mtu yeyote anayeishi nchini kufungua shauri pale mazingira yanapotishiwa. Lakini hapo utahitaji wakili, na wakili atauliza faili.

Kifusi kikishaondolewa, kiondolewe chote hadi udongo mweusi uonekane. Kusawazisha si kuondoa.

Hatua ya 8: Milingoti

Ufupi wake: milingoti, yaani mikaratusi, usiipande bondeni hata siku ya mazingira, hata kama miche ni ya bure. Kila Juni 5 kuna mahali wageni wa heshima hupanda milingoti kwenye chanzo cha maji na kupiga picha. Iliyopo tayari ina wenyewe, nayo ni nguzo na pesa. Kubalianeni ikatwe kwa awamu ikishakomaa, isipandwe upya, na machipukizi yang'olewe kila msimu. Kisiki cha mlingoti hakikati tamaa mapema. Pembezoni panda mikuyu na mivengi, au acha matete yarudi yenyewe. Mara nyingi yanarudi bila kuombwa.

Hatua ya 9: Makabidhiano

Mtendaji huhamishwa, na afisa mazingira hupandishwa cheo akaenda mkoa mwingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024, huleta wenyeviti wapya kwa mkupuo, na wengine hawajawahi kusikia kwamba kitongoji chao kina mpaka wa bonde. Ndani ya mwezi wa kwanza, kamati impeleke mwenyekiti mpya bondeni kwa miguu, bikoni kwa bikoni, akiwa na muhtasari wa zamani mkononi, kisha asaini daftari kwamba ameonyeshwa. Fanyeni hivyohivyo kwa mtendaji mpya.

Faili liwe na nakala tatu: moja kwa katibu wa kamati, moja ofisi ya kata, na moja shule ya msingi iliyo karibu, kwa mwalimu mkuu. Picha na alama za GPS ziwe kwenye simu mbili za watu wasiokaa nyumba moja.